Cheti cha Utulivu wa Mlima Kwesine

Nchi yenyewe si yako wala si yangu, na mipaka yake haigusani na shamba la mtu yeyote atakayesoma habari hizi. Atakayejiona amefanana na mtu wa huko, amefanana kwa hiari yake. Iliitwa Jamhuri ya Tengamano, nayo ilikuwa nchi yenye vilima vingi, misitu mingi, na mawaziri wengi kuliko vyote viwili.

Mwaka mmoja Waziri wa Maono alipita angani kwa helikopta, akachungulia chini asione mtu. Aliona majani tu. Aliporudi mjini aliuliza, kwa uchungu wa mzazi, serikali itawahudumiaje wananchi isioweza kuwaona. Hapo ndipo ilipozaliwa Operesheni Ona Mwananchi. Miti ya Mlima Kwesine ilikatwa kwa muda wa miaka miwili, na magogo yakateremshwa kwa malori yasiyo na namba, kupitia barabara kuu, mchana kweupe. Mpaka leo Idara ya Usafiri inashikilia kwamba hakuna lori lililopita, maana lori lisilo na namba haliwezi kuthibitishwa kwamba limepita.

Mlima ulipobaki mtupu kama kichwa kilichonyolewa kwa msiba, watu waliokuwa wakiishi kandokando ya msitu walionekana vizuri sana, na kwa kuwa walionekana, ikabidi wapewe kitu. Wakajengewa Kijiji cha Mfano: nyumba sitini za bati jekundu, safu tatu zilizonyooka kama mstari wa daftari, pale chini kabisa mlima unapokutana na tambarare. Kilichobaki ni Rais kuja kukizindua. Sheria ya Tengamano ilisema kiongozi wa nchi hawezi kusimama chini ya mlima wowote mpaka mlima huo uwe na Cheti cha Utulivu. Kwa wananchi, ambao wangelala hapo maisha yao yote, sheria haikuona haja ya cheti.

Kazi ya kuupima mlima alipewa Nasemba Shekiondo, Mpima Udongo Daraja la Tatu.

* * *

Nasemba alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne, na miaka kumi na mmoja katika hiyo ameimaliza katika Idara ya Utulivu wa Milima. Hakuwa msemaji. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajatazama picha za ukutani alikuwa ameshatazama msingi. Katika idara nzima ndiye aliyekuwa akipanda milima. Wenzake walifanya kazi ghorofa ya tatu, na kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu, kila asubuhi waliziandika zile ngazi kuwa ni safari ya uwandani.

Alikaa Kwesine siku nne. Mwenyekiti wa kijiji, Shemnkande, fundi wa kuezeka aliyekuwa ameezeka paa za watu miaka ishirini huku mwenyewe akilala chini ya nyasi, alimpokea kwa hotuba fupi na kumwonyesha nyumba yake ya bati, chumba kwa chumba. Mkewe, Namkunda, alikuwa ameshapanda vitunguu pembeni mwa mlango. Walikuwa na furaha ya watu waliopata kitu wakiwa wamekwisha kukata tamaa, na Nasemba aliona tabu kuitazama.

Aliyemwongoza mlimani alikuwa Bi Kidee, mfinyanzi, mjane wa miaka sitini na kitu, mwembamba, mwenye vidole vilivyopinda kwa kazi. Bi Kidee hakutaka nyumba ya bati. Alikuwa na banda lake la kuchomea vyungu juu ya mgongo wa mawe upande wa mashariki, na kila walipomwita ashuke aliwajibu kwamba vyungu vyake havipendi majirani. Udongo aliujua kwa kuuonja. Wawili hao walielewana bila maneno mengi.

Nasemba alipima mwinuko, kipimo kikasoma nyuzi thelathini na nane. Alichimba mashimo tisa. Aliona visiki vimesimama juu ya mizizi yake kama meza juu ya miguu, maana udongo wa juu ulikuwa umekwenda na mvua za mwaka jana, shubiri nzima. Akavuta mzizi mmoja kwa mkono. Ulikatika kama muhogo uliooza. Mti uliokatwa, mizizi yake haifi siku ya shoka. Huendelea kuushika udongo mwaka mmoja, pengine miwili, halafu huoza, na siku inapooza mlima wote hubaki umeegemea mazoea.

Siku ya tatu Bi Kidee alimpeleka juu zaidi, mahali palipokuwa na ufa. Ulikata mteremko kwa upana, umepinda kama upinde, juu kabisa ya nyumba zote sitini, na kiganja kiliingia ndani yake. Bi Kidee alikuwa amechomeka vijiti viwili, kimoja kila upande wa ufa, akavifunga kamba kati yake.

"Mwezi uliopita kamba ilikuwa imelegea," alisema. "Leo iguse."

Nasemba akaigusa. Ilikuwa imekaza kama uzi wa zeze.

Wakakaa kwenye jiwe. Chini yao mabati mekundu yaling'aa, na moshi wa jikoni ulipanda wima. Bi Kidee akaonyesha kwa kidevu lile eneo la tambarare ambalo wahandisi waliojenga kijiji walilisifu kwa kuwa limejisawazisha lenyewe.

"Mwanangu, unajua kwa nini pale pamekuwa sawa? Mlima ulishawahi kuja. Zamani, kabla ya bibi yangu. Mimi nachimba udongo pale, na nikichimba nakutana na vigae vya vyungu nisivyovifinyanga."

Jioni Nasemba alikaa na fomu. Fomu ya idara ilikuwa na nafasi tatu za kuwekea alama: Tulivu, Tulivu Sana, na Tulivu wa Kupigiwa Mfano. Aliisoma juu mpaka chini mara mbili. Kisha akatoa rula, akachora kisanduku cha nne, akaandika pembeni yake kwa herufi kubwa: HATARI. WATU WAHAMISHWE KABLA YA MASIKA.

* * *

Kisanduku hicho kilizua mtafaruku kuliko mlima wenyewe. Kamati ya Kitaifa ya Miteremko iliitishwa kwa dharura, na Nasemba akaitwa kusimama mwisho wa meza ndefu. Aliyefungua kikao alikuwa Waziri wa Maono mwenyewe.

"Udongo wa Tengamano," alisema, "ni udongo wenye nidhamu. Umekaa pale tangu enzi za mababu zetu bila kudai chochote. Leo anakuja mtu na vijiti viwili na kamba anatuambia udongo huo unataka kuhama. Uhamie wapi? Una ndugu gani huko?"

Wajumbe walipiga makofi kwa muda uliowekwa. Baada ya hapo ripoti ilijadiliwa kifungu kwa kifungu, kwa uangalifu mkubwa. Ilionekana kwamba nyuzi thelathini na nane ni nyingi mno kwa nchi inayojitegemea, na ikatolewa hoja kwamba zishushwe. Zikashushwa mpaka kumi na mbili kwa kura zote za ndiyo. Mjumbe mmoja mwenye bidii aliuliza kama isingefaa kuzishusha mpaka sifuri kabisa, akajibiwa kwamba mlima wa nyuzi sifuri ni uwanja, na viwanja viko chini ya wizara nyingine. Ufa nao uliondolewa kwenye ripoti kwa sababu za kisarufi: neno hilo lilikuwa linaleta hisia ya kugawanyika. Mahali pake pakaandikwa "sehemu ya mlima yenye uwazi".

Nasemba alipewa nafasi ya kusema. Alisema kwamba mizizi imeoza, na kwamba mvua kubwa zikija, mlima hautasoma kumbukumbu za kikao. Mwandishi wa kikao akaandika kwamba mtaalamu ameshukuru.

* * *

Aliyemmaliza Nasemba hakuwa Waziri. Alikuwa Mkurugenzi wake, Bwana Matimbwi, mzee mpole aliyebakiza miaka miwili kustaafu, ambaye katika miaka yote kumi na mmoja hakuwahi kumpandishia sauti. Alimwita ofisini kwake saa nne, akammiminia chai mwenyewe, akafunga mlango.

"Nimeisoma ripoti yako mara mbili, Bi Shekiondo," alisema. "Nakuamini. Ndiyo maana nakuomba usaini hicho cheti."

Akamweleza taratibu. Asiposaini yeye, atasaini Kiluwasha wa chumba cha pili, ambaye mlima ule hajawahi kuuona hata kwenye kalenda. Kiluwasha angesaini karatasi tupu na kwenda zake nyumbani. Lakini akisaini yeye, Mkurugenzi angehakikisha cheti kinafuatana na kiambatisho chenye mapendekezo ya usalama: safu ya juu ihamishwe, mifereji ya kukinga maji ichimbwe, matete yapandwe, na yote yafanyike kabla ya masika. Waziri angepata cheti chake, na watu wa Kwesine wangepata usalama wao. Hakumtisha. Alitaja tu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba Kituo cha Kupima Umande kule jangwani kinahitaji mtu.

Nasemba aliitazama chai mpaka ikatanda utando. Alifikiri juu ya Namkunda na vitunguu vyake. Alijiambia nusu shari si shari kamili, na kwamba cheti bila kiambatisho ni kibaya zaidi kuliko cheti chenye kiambatisho. Alijiambia anasaini kwa ajili ya watu wale, na hilo lilikuwa kweli kwa robo tatu. Robo iliyobaki ilikuwa jangwa.

Akasaini. Mkurugenzi akagonga muhuri kwa upole, kama mtu anayefunga macho ya marehemu.

* * *

Siku ya uzinduzi, jukwaa la Rais halikujengwa kijijini. Lilijengwa ng'ambo ya mto, mita mia nne na zaidi kutoka nyumba ya mwisho, na Rais akakizindua kijiji kwa kukipungia mkono. Wanakijiji walisimama mbele ya milango yao na kumpungia pia. Mshereheshaji alieleza kwamba kiongozi amekaa mbali kwa heshima, ili asiwasumbue wenye nyumba.

Nasemba alikuwa kati ya wageni walioketi jukwaani. Alihesabu zile mita kwa macho, kama alivyozoea kuhesabu kila kitu. Kuna mtu aliyeisoma ripoti yake ya kwanza. Waliisoma na kuielewa vizuri kabisa, kisha wakaitumia kupima mahali pa kuweka kiti.

Baada ya hotuba, nakala ya cheti, iliyotiwa fremu na kioo, ilivushwa kwa mtumbwi na kukabidhiwa Mwenyekiti Shemnkande, naye akaipigilia ukutani katika ofisi ya kijiji, sawasawa na kichwa cha mtu anayeingia.

Zikapita wiki tatu, zikapita sita. Hakuna aliyekuja kuchimba mfereji. Nasemba alikwenda kuuliza habari za kiambatisho. Masijala walimwambia kimekwenda Wizara ya Mvua, kwa kuwa kinataja masika. Wizara ya Mvua walimpokea kwa adabu, wakamthibitishia kwamba wanacho, na kwamba kitashughulikiwa mara tu masika yatakapokwisha, maana wakati wa masika wizara huwa na kazi nyingi. Alirudi kwa Mkurugenzi Matimbwi. Mzee yule alimsikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akasema kwamba alijitahidi. Nasemba aliona kwamba anasema kweli, na kwamba kujitahidi kwake kuliishia pale kwenye kumimina chai.

Mvua zilianza mapema mwaka ule. Zilipofika siku ya tisa bila kupumzika, simu ya Nasemba iliita. Alikuwa Bi Kidee, amekopa simu ya mtu kijijini. Hakuuliza hali wala hakusalimia, jambo ambalo kwa mwanamke wa umri wake lilikuwa kama kupiga yowe.

"Kamba imekatika," alisema.

Nasemba aliandika barua ya ruhusa kwamba anaumwa, na hakuwa ameandika uongo mkubwa. Akapanda basi la kwanza.

* * *

Alifika Jumanne mchana. Bi Kidee alikuwa ameshawakusanya watu katika ofisi ya kijiji, na wasioenea ndani walisimama barazani wakitona maji. Nasemba alisema alichokuja kusema. Alisema ufa, kama Bi Kidee alivyoupima asubuhi ile, sasa unameza mguu mpaka gotini, maji yanaingia humo na hayatoki, na kwamba wakusanye watoto na wazee na wapande kwenye mgongo wa mawe leo hii, si kesho. Sauti yake haikuwa imezoea mikutano. Hata hivyo watu walimsikiliza, na baadhi ya wanawake walianza kutazamana.

Mwenyekiti Shemnkande akainuka. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ni vizuri likumbukwe. Alikwenda ukutani, akakishusha kile cheti, akakifuta kioo kwa mkono wa shati, akakiweka mbele yake.

"Mtaalamu, saini hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Imeandikwa hapa kwamba mlima ni Tulivu wa Kupigiwa Mfano. Sasa tueleze sisi tusiosoma sana. Ulisema uongo siku ile, au unasema uongo leo?"

Mvua ilisikika kwenye bati, lile bati ambalo Shemnkande alilipenda kuliko kitu chochote baada ya mkewe.

"Siku ile," Nasemba alisema.

Kuna mtu alicheka nyuma, kicheko kifupi cha mtu aliyeaibika kwa niaba ya mwingine. Mzee mmoja alisema kwamba mtu aliyedanganya kwa maandishi na muhuri hawezi kuaminiwa kwa mdomo mtupu, na wengi waliona ana hoja. Nasemba alitaka kuwaambia habari za kiambatisho, na robo tatu, na chai. Aliona kwamba yote hayo ni maelezo ya mtu anayejitetea, akayameza.

Shemnkande mwenyewe alibaki na wasiwasi. Alipiga simu wilayani kuomba mwongozo, na mwongozo ukaja haraka kuliko kitu kingine chochote kilichowahi kutoka wilayani: kuhama katika nyumba iliyozinduliwa na Rais ni kumrudishia kiongozi zawadi, na kila atakayehama aandikwe jina. Mwenyekiti akatii. Jioni ile familia nane zilimfuata Bi Kidee kwenye mgongo wa mawe, zikajibanza katika banda la vyungu. Nyingine hamsini na mbili zilibaki.

Namkunda alitaka kwenda. Alikuwa amekwisha kufunga kitenge chake na sufuria mbili. Mumewe alimsihi angoje siku moja au mbili, mvua ikate, maana mke wa mwenyekiti akionekana anapanda na mzigo kichwani kijiji kizima kitamfuata, na yeye atawajibu nini wilayani? Namkunda alifungua mzigo wake, akazirudisha sufuria mahali pake.

* * *

Jumatano kutwa ilinyesha. Alhamisi asubuhi mvua ilikata, na jua likatoka zuri, la kuanikia nguo, na wengi wakashuka mtoni kufua. Waliobaki kijijini waliwapungia wale wa mlimani, kwa utani, wakiwaita washuke. Familia mbili za banda la vyungu zilianza kufungasha. Bi Kidee alikaa mlangoni na kuwaambia atakayetaka kupita apite kwanza juu ya mwili wake. Hawakupita, kwa sababu ya umri wake.

Saa tatu, Shemnkande alikuwa amepanda mpaka pale kwenye mawe, na daftari mkononi, kuandika majina ya waliohama. Alikuwa amefika jina la tano. Nasemba alikuwa amesimama karibu naye, akimsaidia kuandika, kwani hakuona tena sababu ya kukataa kuandika kitu.

Walichosikia hakikuwa kishindo. Kilikuwa kama gunia la maharage linalomwagwa juu ya bati, ila gunia lenyewe halikwisha. Walipogeuka, mlima ulikuwa unatembea. Ulishuka wote kwa pamoja, na visiki vyake vimesimama wima juu yake, kama watu waliosimama ndani ya mashua. Safu ya juu haikuonekana tena, wala ya kati. Safu ya chini ulifika katikati yake, ukasimama. Halafu pakawa kimya, na jua likaendelea kuwaka.

Shemnkande alilidondosha daftari na kukimbia. Walichimba kwa majembe, kwa mabati, kwa vigae, kwa mikono. Nasemba alichimba siku tatu pamoja nao, na katika siku hizo udongo aliousomea tangu ujana wake aliuona kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mzito, na kila jembe lililotoka lilirudiwa na lingine. Namkunda walimpata Jumamosi. Wote kwa jumla walikuwa arobaini na mmoja.

* * *

Serikali ya Tengamano haikukaa kimya. Iliunda Tume, na Tume ikafanya kazi usiku na mchana katika hoteli nzuri. Nasemba alikwenda kutoa ushahidi bila kuitwa. Alisema mbele ya jaji mstaafu na wajumbe sita kwamba alijua, na kwamba alisaini akijua. Alilisema mara mbili, ili lisije likapotea. Jaji alimtazama kwa huruma, akamshukuru kwa unyenyekevu wake, akaagiza shahidi apewe maji ya kunywa.

Ripoti ilipotoka ilikuwa na kurasa mia tatu. Iligundua kwamba udongo wa Kwesine ulihama bila kibali, na kwamba mvua ilinyesha bila kushauriana na wadau. Cheti kilionekana hakina dosari: siku kiliposainiwa, mlima ulikuwa umetulia, kama kilivyosema. Waziri wa Maono aliusafiria msiba kwa helikopta, na safari hii aliwaona wananchi vizuri. Bi Kidee alishtakiwa kwa kueneza hofu. Kesi yake iliunguruma wiki mbili, kisha ikafutwa, baada ya kugundulika kwamba watu walioeneziwa hofu hiyo wote wako hai na wako tayari kutoa ushahidi, na hilo lingeleta picha mbaya.

Nasemba alipandishwa cheo. Barua ilisema ni kwa utulivu aliouonyesha. Alifanywa Mkuu wa Kitengo cha Vyeti, akapewa meza yenye droo za kufunga na orodha ya milima kumi na minne iliyokuwa imenyolewa katika operesheni ile ile na yenye vijiji vya mfano chini yake. Alikaa na orodha hiyo siku nzima. Kurudisha barua kungekuwa rahisi, na angeondoka msafi. Kisha Kiluwasha angehamia kwenye meza ile na kusaini yote kumi na minne kabla ya chakula cha mchana. Hilo alikwisha kulisikia kwa Mkurugenzi, na alikwisha kuona lilimfikisha wapi. Safari hii akaliwaza upande wa pili. Orodha ile ilikuwa pia orodha ya mahali watu walipo. Akaikunja, akaitia mkobani, akaiacha barua ya cheo juu ya meza na ufunguo wa droo juu yake, akashuka zile ngazi.

Alipita kwanza Kwesine. Hakuwa na uhakika anakwenda kufanya nini. Shemnkande alikuwa ameketi mbele ya turubai, akinyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo, mmoja mmoja, kwa ajili ya bati lisilokuwepo. Nasemba alichuchumaa mbele yake na kumwambia kwamba Namkunda amekufa kwa saini yake yeye. Shemnkande aliendelea kunyoosha misumari kwa muda.

"Alikuwa amefunga mzigo," alisema mwishowe. "Mimi ndiye niliyemwambia aufungue."

Hakuna aliyemfariji mwenzake. Nasemba alimweleza habari za orodha, kwamba mlima wa kwanza ni Hemtoye, mwendo wa siku moja, na kwamba masika bado hayajakwisha. Shemnkande aliweka nyundo chini, akaingia ndani ya turubai, akatoka amevaa viatu.

* * *

Hemtoye kulikuwa na nyumba hamsini za bati la bluu. Walianza na nyumba iliyo karibu zaidi na mlima. Nasemba alijitaja jina na kusema kwamba yeye ndiye aliyesaini cheti cha Kwesine, na kwamba alikuwa akijua. Shemnkande naye alijitaja, akasema yeye ndiye aliyewaambia watu wabaki, na mkewe alikuwa mmoja wao. Mwenye nyumba aliwafungia mlango. Nyumba ya pili walisikilizwa na kijana mmoja aliyewauliza wanatafuta kura za chama gani, na alipoambiwa hakuna chama, akaogopa zaidi na kuwaomba waondoke kabla mwenyekiti hajawaona.

Nyumba ya tatu walimkuta mwanamke anamenya mihogo barazani, na mtoto mgongoni. Aliwakaribisha vigoda, akawaacha waseme. Hakuacha kumenya. Nasemba alipomaliza sehemu yake alimsikia Shemnkande akianza ya kwake, kwa sauti ile ile aliyotumia kule kwingine, mpaka alipofika kwenye mzigo uliofunguliwa. Hapo kisu cha mwanamke yule kilisimama juu ya muhogo.

"Mnataka nini kwangu?" aliuliza baadaye.

"Hatutaki utuamini," Nasemba alisema. "Tunaomba upande nasi ukajionee mwenyewe. Ukikuta hakuna kitu, tutaondoka."

Mwanamke aliutazama mlima, juu ya paa lake la bluu, kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mgeni aliyekuwa amemzoea. Kisha akanawa mikono, akakaza kanga iliyombeba mtoto, akavaa kandambili zake, akatangulia.